Mbwa na Paka Nairobi: Kipi Ununue Dukani, Kipi Ujitengenezee

Ingia duka lolote la vifaa vya wanyama hapa Nairobi, iwe agroveti ya Kawangware au duka la vioo ndani ya jumba la maduka kule Westlands, na macho yatatua kwanza kwenye vitanda vya manyoya, bakuli za rangi na vichezeo vinavyolia ukivifinya. Dawa ziko nyuma ya kaunta. Chakula kiko chini, kwenye magunia. Mtu mwenye shilingi elfu chache na mbwa mpya nyumbani humaliza pesa kabla hajafika huko nyuma.

Nakushauri uanzie nyuma. Pesa ikiwa haitoshi kila kitu, na kwa wengi wetu haitoshi, swali ni wapi cha dukani hakina mbadala, na wapi fundi wa Ngong Road, mitumba ya Gikomba au chombo kilichomo jikoni mwako kinafanya kazi ileile au nzuri zaidi. Msimamo wangu ni huu: kinachoingia mwilini mwa mnyama au kukaa juu ya ngozi yake kinunuliwe bila kubahatisha. Kinacholaliwa, kinachokwaruzwa na kinachonyewa, hapo tuna uhuru mkubwa kuliko maduka yanavyotuambia.

## Kupe na viroboto: pesa iende hapa kwanza

Baridi yetu ya Julai hutuvalisha masweta, lakini haiui kupe. Kinga ni ya mwaka mzima. Kupe anayesumbua zaidi mbwa wa mjini ni yule wa kahawia, ambaye wanasayansi humwita Rhipicephalus sanguineus, na ubaya wake ni kwamba hahitaji nyasi wala ng'ombe. Anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya ploti: anamnyonya mbwa, anaanguka akiwa ameshiba, anapanda ukuta na kutaga mayai maelfu kwenye ufa wa plasta au nyuma ya fremu ya mlango. Ndiyo maana mtu wa ghorofa ya tatu Roysambu hushangaa kumkuta mbwa wake, asiyejua nyasi, amejaa kupe. Kupe huyo hueneza babesia na erlikia, magonjwa ambayo wengi huyaita tu homa ya kupe. Mbwa anakataa chakula, fizi zinapauka, na mkojo unaweza kugeuka kahawia. Matibabu yake ni kupimwa damu, sindano na pengine dripu. Kinga ya mwezi ni nafuu kuliko hayo.

| Dawa | Hudumu | Humfaa nani | Angalia |
|---|---|---|---|
| Tembe ya kutafuna (afoxolaner au fluralaner) | Afoxolaner mwezi mmoja; fluralaner hadi wiki 12 kwa viroboto | Mbwa wa ndani, mbwa anayeogeshwa mara kwa mara | Mbwa mwenye kifafa aonwe na daktari kwanza |
| Matone ya shingoni (fipronil) | Kama mwezi mmoja | Mbwa na paka, kila mmoja kwa pakiti yake | Asioge siku mbili kabla na siku mbili baada. Ni hatari kwa sungura |
| Kola ya imidacloprid na flumethrin | Miezi 7 hadi 8 | Mbwa mlinzi wa nje | Kuoga sana huipunguzia nguvu |
| Dawa ya kuogeshea (amitraz) | Muda mfupi, hurudiwa | Mbwa wakubwa wa nje, wengi kwa pamoja | Sumu kwa paka |
| Unga wa kunyunyiza | Siku chache | Kibanda cha nje zaidi ya mwili | Mnyama huulamba |

Ushindani wa kweli ni kati ya tembe na kola. Bei ya tembe moja ya wiki 12 humshtua mtu hadi atakapoigawanya kwa tatu. Kola nayo igawanye kwa saba. Fanya hesabu hiyo palepale kwenye kaunta, kwa bei ya siku hiyo, kwa sababu bei ya pakiti haikuambii lolote hadi uijue bei ya mwezi. Kwa mbwa mlinzi anayelala nje Ruai au Kitengela, kola ina sifa moja kubwa: hata ukisahau, inaendelea kufanya kazi. Lakini ina masharti. Lazima iguse ngozi chini ya manyoya, na vidole viwili tu vipite kati yake na shingo. Ikining'inia kama mkufu, haifanyi kitu.

Kwa mbwa wa nyumbani, anayelala kwenye kochi na kukumbatiwa na watoto, mimi nachagua tembe, kwa kuwa hakuna kinachobaki kwenye manyoya. Na kama nyumba hiyo ina paka pia, sioni haja ya mjadala.

Sababu ni permethrin. Imo katika dawa nyingi za mbwa za matone na za unga, na kwa paka ni sumu, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Si lazima yeye mwenyewe apakwe. Kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa asubuhi hiyo kunatosha. Anaanza kutikisa masikio, anatokwa mate, anatetemeka mwili mzima, kisha anaingia degedege. Ukiona hivyo, muoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, umkaushe asipate baridi, na umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimnyweshe maziwa. Hayaondoi sumu, na paka anayetetemeka anaweza kuyavuta mapafuni. Kwa hiyo dawa yenye picha ya mbwa peke yake isimguse paka, hata kama muuzaji anasema ukipunguza kipimo haina neno.

Kuna mtindo mmoja wa agroveti ambao nawasihi wenye mbwa waukatae. Unaulizia dawa ya kupe. Kijana wa dukani, kwa nia njema kabisa, anafungua chupa kubwa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, anakumiminia kidogo kwenye chupa ya soda, anafunga na kukwambia, "Mkubwa, kifuniko kimoja kwa ndoo." Ndoo ya lita ngapi? Kifuniko cha chupa ipi? Kile kimiminiko sasa hakina jina, hakina kipimo, hakina tarehe ya mwisho, na kimo ndani ya chupa ambayo mtoto yeyote wa mtaani anaijua kwa kinywaji. Ukiamua kutumia amitraz, na kwa mwenye mbwa wanne wakubwa ni uamuzi wa busara tu, nunua chupa ndogo iliyofungwa pamoja na karatasi yake. Vaa glavu, muogeshee nje penye hewa, na umzuie kujilamba hadi akauke. Mtoto wa mbwa asiogeshwe nayo, wala mbwa mgonjwa, na paka akae mbali kabisa.

Tembe na matone huuzwa kwa uzito wa mnyama, na hapa wengi wetu hukisia. Panda mizani peke yako, kisha panda ukiwa umembeba mbwa, utoe. Wale vijana wenye mizani kando ya barabara katikati ya mji watakupima vizuri tu. Mbwa asiyebebeka mpeleke duka la nafaka lenye mizani ya magunia. Na usinunue tembe ya mbwa mkubwa ili uikate iwatoshe wadogo wawili. Karatasi za tembe hizi huwa zinakataza, kwa hiyo zifuate.

Hata dawa nzuri hushindwa ikiwa makao hayajaguswa. Viroboto wazima unaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo tu ya jeshi, kama asilimia 5 hivi. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na vifukofuko kwenye matandiko, mazulia na kona za sakafu, na vifukofuko huweza kungoja kwa miezi. Chemsha maji, fua blanketi lake, lianike juani, fagia nyufa, na urudie kila wiki. Kazi hii haina bei, na ndiyo inayotofautisha jirani anayelalamika kwamba dawa ni feki na yule aliyesahau kabisa kuhusu viroboto.

## Chakula: sufuria yako na gunia la dukani

Hapa cha nyumbani na cha dukani vinakaribiana zaidi, ila mbwa na paka lazima tuwatenganishe.

Mbwa wetu wengi wamelelewa kwa ugali na mapafu kutoka buchari, na wengi wamezeeka vizuri. Ni chakula kinachopikwa siku hiyohiyo, mbwa anakipenda, na bei yake mtu anaimudu. Kasoro zake ni tatu, na zote zinarekebishika.

Ya kwanza ni kalsiamu. Nyama na unga vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mbwa mzima anaweza kuvumilia kwa muda, lakini mtoto wa mbwa mkubwa, tuseme jamii ya German Shepherd, miguu hupinda. Kwa mwaka wake wa kwanza nunua chakula cha dukani cha watoto wa mbwa, hata kama ni kwa kujinyima, kisha urudi kwenye sufuria akishakomaa.

Ya pili ni mapafu na maini mabichi. Yakiwa na malengelenge ya maji, mbwa akiyala hupata minyoo ya Echinococcus, na mayai ya minyoo hiyo hutoka kwenye kinyesi chake hadi mikononi mwa watoto. Binadamu hufura malengelenge hayohayo kwenye ini au mapafu, na mara nyingi hulazimika kufanyiwa upasuaji. Turkana inaujua ugonjwa huu kwa uchungu mkubwa. Chemsha mapafu angalau nusu saa, na dawa ya minyoo ya mbwa unayonunua iwe na praziquantel.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hufanywa kama wema: unga ulioota ukungu, ambao mama amekataa kuwapikia watoto, unapikiwa mbwa ili usitupwe. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika eneo la mashariki ya nchi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi sana na sumu hiyohiyo ya aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Unga usiomfaa mtu haumfai mbwa.

Sasa gunia la dukani. Usilinganishe bei ya gunia, linganisha bei ya siku. Tuseme gunia la kilo 15, na karatasi yake inasema mbwa wa uzito wa wako ale gramu 300 kwa siku. Gunia hilo ni la siku 50. Lile la bei nafuu kando yake huenda limejazwa pumba, na linataka gramu 450, kwa hiyo litaisha siku ya 33. Gawanya kila bei kwa siku zake, na mara nyingine utakuta lililoonekana ghali ndilo nafuu, na kinyesi cha kuzoa ni kidogo. Soma pia kama limeandikwa kuwa ni chakula kamili au cha kuongezea tu. Cha kuongezea hakimtoshi mnyama peke yake.

Punje za kupimiwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi zinavutia kwa mtu anayepata pesa kila siku, na sitamlaumu. Ila angalia mambo mawili kabla hujatoa pesa. Mwombe muuzaji akuonyeshe tarehe kwenye gunia lenyewe, kisha chukua punje chache mkononi, uzivunje na uzinuse. Mafuta yaliyochacha yananuka kama rangi ya zamani, na vumbi jingi chini ya gunia ni ishara kwamba limekaa au panya wamelitembelea. Nunua za wiki moja, uziweke kwenye ndoo yenye kifuniko.

Paka ni habari nyingine kabisa. Mbwa hujitengenezea mwilini taurini, kirutubisho ambacho moyo hukihitaji; paka hawezi kujitengenezea ya kutosha, na lazima aipate kwenye nyama au samaki. Mwaka 1987 daktari wa mifugo Paul Pion na wenzake walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini moyo wao hutanuka na kudhoofika, na kwamba wengi hupona wakiirudishiwa mapema. Kwa hiyo ugali na maziwa si chakula cha paka, na chakula cha mbwa, hata kile cha bei ghali, pia si chake. Paka wengi wazima hata maziwa yenyewe huwaharisha.

Omena basi? Ni nzuri kuliko watu wa maduka wanavyokubali. Huliwa mzima na mifupa yake laini, kwa hiyo kalsiamu ipo. Ioshe maji mawili matatu kuondoa mchanga na chumvi, ichemshe bila kitunguu, na usimwage mchuzi wake, kwa sababu taurini huyeyukia majini. Lakini samaki peke yake kila siku kwa miaka hakumtoshi paka. Nyumbani kwangu ningeweka punje kamili za paka kama msingi na omena kama kitoweo cha siku kadhaa kwa wiki.

Na vile vipakiti vya chakula chenye rojo? Watu hulinganisha asilimia ya protini na kusema ni maji matupu. Hesabu yake si hiyo. Kipakiti chenye protini asilimia 8 na maji asilimia 80 kina sehemu 20 tu za chakula kikavu, na 8 kati ya 20 ni asilimia 40. Punje zenye protini asilimia 27 na maji asilimia 10 zinakupa 27 kati ya 90, yaani asilimia 30. Kwa hiyo rojo si hafifu, ni ghali tu. Kwa paka dume aliyewahi kuziba mkojo, yale maji ndiyo unayolipia, na yana thamani. Kwa paka mwenye afya, punje na bakuli la maji safi vinatosha.

Mabaki ya mezani sijayasahau. Tatizo lake hapa kwetu ni kitunguu, ambacho hakikosi kwenye mchuzi wowote. Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka, na paka hudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Mtengee chake kabla hujakaanga.

## Choo cha paka kwenye ghorofa

Paka wa ploti yenye udongo hujitafutia. Wa ghorofani Umoja au Kilimani anakutegemea wewe, na hapa kuna vitu viwili vya kuchagua: chombo, na cha kuweka ndani.

Chombo usinunue. Vyoo vingi vya dukani ni vidogo. Paka anataka nafasi ya kugeuka, kama urefu wa mwili wake mara moja na nusu. Karai pana, au mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20 uliolazwa na kukatwa ubavu mmoja, unamtosha na kubaki. Ukikata mtungi, pitisha kisu cha moto kwenye kingo zisimkate. Acha upande mmoja uwe chini ili paka mdogo au mzee aingie bila kuruka. Kwa paka wawili weka vyoo vitatu, kama nafasi ipo.

Cha kuweka ndani ndicho chenye uamuzi. Mchanga wa mjengo ni wa bei ya chini, na paka wanaupenda, lakini haunyonyi, ni mzito kupandisha ngazi, na baada ya siku mbili jirani atajua. Maranda kutoka kwa maseremala ni mepesi, na ukiomba vizuri unaweza kuyapata bure au kwa bei ya gunia. Yananyonya kiasi na yananukia mbao. Hakikisha hayakutoka kwenye mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, na uyachekeche yasiwe vumbi tupu, kwa sababu vumbi humpiga chafya yeye na wewe. Ubaya wake ni kwamba mkojo huenea, kwa hiyo unabadilisha yote kila baada ya siku mbili tatu. Punje za mbao zilizoshindiliwa hunyonya zaidi ya maranda na hazirushwi nje ya choo, ila si kila mtaa utazipata.

Ule mchanga wa dukani wa bentonaiti, udongo unaogandamana ukilowa, ni ghali, lakini unatoa kidogo tu: unazoa bonge, unaacha mengine, unaongeza. Sentimita tano hadi saba za kina zinatosha. Mchanga huu una faida moja ambayo sioni ikitajwa kwenye pakiti. Kila mkojo unakuwa bonge lake, kwa hiyo unaona umetoka mara ngapi na kwa kiasi gani. Paka dume akianza kutoa vibonge vidogo vidogo kama njugu, au kukaa chooni akijikamua bila kitu, ameziba. Hilo halingoji kesho, kwa maana siku moja au mbili zinaweza kumuua. Kwenye maranda dalili hiyo hupotea. Kwa sababu hiyo peke yake, mwenye paka dume wa ndani akiweza, anunue unaogandamana, usio na manukato. Watoto wa paka chini ya miezi mitatu watumie maranda au magazeti yaliyochanwa, kwa kuwa hula kila kitu wanachokanyaga.

Wowote utakaochagua, usiumwage chooni. Bentonaiti huvimba ndani ya bomba, na kwa mgao wetu wa maji utamwita fundi bomba kabla wiki haijaisha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo funga kwenye gazeti au mfuko wa kaki, kisha kwenye pipa. Kwa kinyesi cha mbwa njiani ni hivyohivyo. Zoa kila siku: mayai ya vimelea vya toksoplasma huchukua kati ya siku 1 na 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo mzoaji wa kila siku huwa amewatangulia. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hii.

## Vingine, kwa haraka

Kitanda cha manyoya cha dukani hakifuliki vizuri, na kila kisichofulika ni nyumba ya viroboto. Blanketi mbili za mitumba, moja chini na moja kwenye kamba, zinakishinda. Mbwa wa nje ajengewe kibanda cha mbao kilichoinuliwa kutoka chini kama upana wa kiganja, paa likiwa na ubao chini ya mabati. Mabati peke yake humchoma Februari na kumgandisha Julai. Kisiwe kikubwa mno: asimame, ageuke, alale.

Cha kukwaruzia paka, usinunue nguzo ya zulia, maana unamfundisha kwamba zulia huruhusiwa. Kipande cha mbao na kamba ya katani ya duka la vifaa vya ujenzi, iliyozungushwa kwa kubana na kupigwa misumari pande zote mbili, hudumu zaidi. Kiwe kirefu kiasi cha paka kujinyoosha wima, na kisiyumbe.

Kamba ya matembezi, hapo toa pesa kidogo. Mnyororo mzito humchosha mbwa shingo na kukuchuna mkono. Mkanda wa nailoni wa mita moja na nusu wenye ndoano imara ndio wa kila siku, na ndio utakaotumia katika Msitu wa Karura, ambako mbwa huingia kwa kamba. Mbwa anayevuta avalishwe mkanda wa kifuani. Kola ya paka iwe ile inayojifungua ikinaswa, la sivyo asivae kabisa.

Cha kumbebea paka kwenye matatu kwenda kwa daktari, au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, katoni haifai. Akikojoa, sakafu inafunguka katikati ya safari. Kiboksi cha plastiki chenye mlango juu ni kizuri, ila vikapu viwili vya nguo vya plastiki vilivyofunikizwa mdomo kwa mdomo na kufungwa kwa kamba vinafanya kazi hiyohiyo. Weka taulo ndani na kanga juu.

Bakuli: bati au chuma kisichoshika kutu. Plastiki hushika mikwaruzo na uchafu. Sufuria iliyozeeka inatosha kabisa.

Sabuni: shampuu ya mbwa kwa mbwa, kwa sababu ngozi yake ina asidi kidogo kuliko yetu na sabuni za kufulia huikausha. Kwa paka, kitambaa chenye maji. Usafi wa sakafu ndio wa kuangalia zaidi. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe ukizimimina majini mara nyingi huwa na fenoli, ambayo paka huikanyaga na kuilamba kwenye makucha, na ini lake linashindwa nayo kama lilivyoshindwa na permethrin. Vilevile jiki isimwagwe juu ya mkojo wa paka, kwa kuwa amonia na jiki hutoa hewa inayochoma mapafu. Osha kwanza kwa sabuni ya maji, suuza, kisha jiki iliyochanganywa, na mnyama asikanyage hadi pakauke.

Utambulisho nimeuacha mwisho kwa sababu ni wa bei ndogo na huachwa na wengi. Chipu ya chini ya ngozi ina nambari ya tarakimu 15, lakini haimwonyeshi mnyama aliko. Inasomwa tu na mtu mwenye mashine yake, na aliyemwokota mbwa wako Dandora hana mashine hiyo. Kibati chenye nambari ya simu kinasomwa na mtu yeyote. Fundi anayechonga mihuri mjini atakichora ukisubiri. Weka nambari mbili, yako na ya mtu wa nyumbani, na ukibadilisha laini, badilisha kibati wiki hiyohiyo.